Shahada ukubwani: Wepesi uliotolewa na wepesi ulioibwa



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wenye kuufuata mwenendo wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, Ijumaa moja tulijaaliwa kuswali Ikungi, mkoani Singida, katika mji ule mdogo unaopitiwa na barabara itokayo Dodoma. Baada ya swala, tukiwa bado tunatafuta viatu vyetu mlangoni, alitusogelea ndugu mmoja wa makamo. Ni mwalimu wa madrasa asubuhi na jioni, na katikati ya hapo ni mkulima wa alizeti kama walivyo wengi wa wilaya hiyo. Alitusalimu, akatuvuta kando, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia jambo la aibu: "Masheikh, hivi ni kweli siku hizi shahada inapatikana kwa urahisi hata kwa mtu mzima?" Hakukusudia shahada mbili za imani, bali ile ya chuo kikuu.

Alitueleza kwamba amesikia maneno ya namna mbili. Kijana mmoja wa stendi alimwambia kuwa mwenye fedha hupatiwa cheti cha kidato cha nne, na kwa cheti hicho milango mingine hujifungua yenyewe. Jirani yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akamwambia kuwa upo urahisi mwingine wa halali, ila hakuweza kumfafanulia. Basi letu lilikwishaanza kupiga honi, nasi tukamjibu kwa haraka jawabu lisilomtosha. Leo tunamrudia, yeye na wengine ambao swali hili wanalo kifuani.

Kwanza tukubaliane kuwa kutafuta wepesi si dhambi. Dini yetu imejaa wepesi. Msafiri huswali rakaa mbili badala ya nne, mgonjwa huswali ameketi, na asiyepata maji hutayamamu. Hakuna anayesema kuwa swala ya msafiri ni nusu swala. Lakini wepesi huo umetolewa na Yule aliyeifaradhisha ibada yenyewe, na una masharti yake. Maghrib hubaki rakaa tatu hata safarini. Msafiri hana ruhusa ya kujikatia rakaa kwa kuwa tu amechoka. Elimu ya vyuo nayo ina wepesi uliotolewa na wenye mamlaka ya kuutoa, na upo wepesi mwingine ambao mtu hujiibia.

Huo wa kuiba tuumalize haraka. Mwezi Aprili 2017 ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, nayo iliwataja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa wamefanya kazi miaka kadhaa, wana wake, waume na watoto wa kusomesha. Riziki ya nyumba ilikatika kwa siku moja. Na kabla ya siku hiyo, kila mshahara ulioingia ulikuwa umejengwa juu ya uongo. Kijana wa stendi haelezi habari hiyo anapotaja bei yake.

Sasa tuuendee wepesi wa halali, na hapa tunaomba msomaji awe na subira, maana mambo yenyewe yana majina mengi.

Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hapa Tanzania hupimwa kwa krediti zisizopungua 360. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza mhadhara, kujisomea, kuandika majaribio na kufanya mitihani, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo shahada nzima ni saa 3,600 hivi. Tunapenda hesabu hii kwa sababu inaondoa vitisho. Mtu mzima anayeiona shahada kama mlima usio na njia, na aitazame kama saa za kulipa kidogo kidogo. Akipata saa mbili baada ya Isha na saa moja baada ya Alfajiri, siku sita kwa wiki, hizo ni saa 18. Akisoma hivyo wiki 40 kwa mwaka, na wiki 12 zilizobaki akaziacha kwa ajili ya Ramadhani, mavuno, harusi na misiba isiyokwisha, atakuwa amepata saa 720, yaani krediti 72. Miaka mitano, naye amemaliza, bila ya kuacha shamba wala madrasa.

Chuo kinachomruhusu mtu kusoma kwa mwendo huo tunacho. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mwaka 1994 kikaanza kupokea wanafunzi. Kilianzishwa kwa ajili ya watu ambao hawawezi kuacha kazi na familia wakaishi bwenini. Kina kituo cha mkoa Singida mjini, na kutoka Ikungi ni mwendo usiofika saa moja kwa basi. Mwanafunzi hujisomea nyumbani, hufika kituoni kwa shughuli za masomo na mitihani, kisha hurudi kwake. Mfumo huu si wa kimaskini kama baadhi yetu tunavyoudharau. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kwa masomo ya masafa ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, naye alikuwa angali mfungwa.

Jambo la pili ni mlango wa kuingilia. Zamani ilidhaniwa kuwa aliyekosa kidato cha sita amefungiwa maisha yake yote. Sivyo. Mwenye stashahada yenye wastani unaotakiwa huingia chuo kikuu, na stashahada yenyewe hufikiwa kwa kupanda kutoka astashahada. Aidha, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali, ambapo mtu mzima aliyejifunza kazini hufanya mtihani maalumu, na akifaulu huweza kuomba nafasi chuoni. Mafundi nao wana mlango wao kupitia VETA, ambayo humpima mwashi, seremala au fundi magari aliyejifunza kwa mikono yake, kisha humpa cheti kinacholingana na ujuzi wake.

Lakini tusidanganyane. Mtihani huo wa ujuzi wa awali kwetu hufungua mlango tu, haupunguzi saa za ndani. Marekani wanayo mitihani iitwayo CLEP ambayo mtu akifaulu huhesabiwa krediti zenyewe, na kozi hiyo haisomi tena. Tunaona lipo la kuiga hapo. Mtu aliyeshika daftari za hesabu za duka au za chama cha ushirika kwa miaka 15 hana haja ya kukalishwa darasani afundishwe maana ya deni na stakabadhi. Apimwe, na akijua ahesabiwe. Wepesi wa karibu na huo tulio nao ni uhamisho wa krediti: aliyesoma mwaka mmoja au miwili katika chuo kinachotambuliwa, akakatizwa na ugonjwa, uzazi au ada, anaweza kuomba masomo aliyofaulu yahesabiwe anaporejea au anapohamia chuo kingine. Wangapi miongoni mwetu wana karatasi za matokeo zilizolala sandukuni, nao wanadhani zimekufa?

Tumrudie mwalimu wetu wa madrasa, maana jambo lake lina uzito wa pekee. Yeye anaishia darasa la saba. Kwa watu wa namna yake, Baraza la Mitihani lina Mtihani wa Maarifa, na akiufaulu hufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Akifika hapo hukutana na kikwazo kisichotangazwa sana misikitini. Katika kujiunga na astashahada, hutakiwa ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambalo yeye angelifanya vizuri, halimo katika hesabu hiyo. Hali kadhalika kwa ndugu zetu Wakristo na somo lao, kwa hiyo tusilifanye jambo hili kuwa la kuonewa sisi peke yetu. Lugha ya Kiarabu, hata hivyo, ni somo la lugha. Mtu aliyesomesha nahau na sarufi ya Kiarabu miaka 20 anayo hazina anayoweza kuipeleka mezani, na huenda hajui kuwa anayo. Baada ya hapo, akitaka kuendelea na fani yake, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichofunguliwa mwaka 2005, na vipo vyuo vya Zanzibar.

Tunasema haya kwa sababu tumewaona walimu wetu wa madrasa wakizeeka katika unyonge. Wanalipwa kwa kinachopatikana, na wakiugua huchangiwa. Wazazi tunawakabidhi watoto wetu, kisha tunaona ajabu mwalimu anapotamani cheti. Wengine hata humwambia kuwa anaitamani dunia. Hatuoni kosa lake. Elimu aliyo nayo ni ya kweli, kinachokosekana ni mtu wa kuipima.

Na wake zetu je? Hapa ndipo penye uzito zaidi, na tunaomba akina baba wasituchukie. Katika nyumba nyingi, mwenye kiu ya kurudi shule ni mama. Aliolewa akiwa kidato cha pili au cha tatu, au alipata cheti cha ualimu akasimamia hapo kwa sababu watoto walifuatana. Leo wa mwisho yuko darasa la nne, naye ana umri wa miaka 37. Bodi ya Mikopo haiwapokei waombaji waliozidi miaka 35, kwa hiyo ada itatoka mfukoni mwa familia, yaani gunia la alizeti, kuku na mchezo wa kina mama. Zile saa tatu tulizozihesabu kwa wepesi kwenye karatasi, kwake zimekwishagawanywa: baada ya Isha kuna vyombo, baada ya Alfajiri kuna uji, na kati yake kuna mtoto anayekohoa. Mume anaposema "nimekuruhusu usome", kisha asinyanyue hata ndoo, hakuruhusu kitu. Ruhusa isiyo na saa ndani yake ni maneno tu.

Masahaba wengi waliipokea dini wakiwa watu wazima wenye wake, watoto na biashara, na hapo ndipo walipoanza kujifunza. Inajulikana habari ya Umar bin Khattab (R.A.) na jirani yake wa Kiansari, waliokuwa wakiishi mbali kidogo na msikiti wa Mtume (S.A.W.). Walipeana zamu. Siku moja huenda huyu, siku ya pili yule, na aliyekwenda humletea mwenzake yote aliyoyasikia. Kazi hazikusimama na elimu haikupotea. Nasi hatuoni ni kipi kinachozuia zamu ya namna hiyo kuwekwa ndani ya nyumba moja, kati ya mume na mke, au kati ya majirani wawili wanaosoma kozi moja na kugawana nauli ya kufuata vitabu Singida.

Misikiti nayo ina la kufanya, na si lazima liwe la fedha. Madarasa ya madrasa huwa matupu baada ya Isha. Yana paa, meza na taa. Mtu mzima anayesoma nyumbani kwenye chumba kimoja na watoto watano anahitaji mahali penye utulivu kuliko anavyohitaji hotuba. Kamati ya msikiti inaweza kuacha darasa moja wazi hadi saa nne usiku, siku fulani kwa wanaume na siku fulani kwa wanawake, na kumwomba kijana mmoja aliyemaliza chuo, ambaye hajapata ajira, awasaidie wazee wake na hesabu, Kiingereza na kompyuta. Hao vijana wapo, tunawaona vijiweni.

Yule ndugu wa Ikungi alituachia namba yake kabla basi halijaondoka. Juzi tulimpigia tukamsomea sehemu ya haya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mambo mawili: usajili wa Mtihani wa Maarifa unafungwa lini, na kama watu wawili wa nyumba moja wanaruhusiwa kujisajili mwaka mmoja. La kwanza tulimwambia aulize mapema katika kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kilicho karibu naye, kwa sababu mitihani ni Novemba lakini usajili hutangulia kwa miezi mingi. La pili tulimjibu kuwa wanaruhusiwa. Tukamsikia akigeuka kumwambia mtu aliyekuwa karibu yake.