Likizo Zetu Katika Kisiwa cha Melita

Mwezi huu tunaziweka kando habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya mapumziko ya familia. Mfano wetu ni kisiwa ambacho sisi na watoto wetu tumekipenda sana: Malta, ambacho Biblia zetu hukiita Melita.

Tulikwenda huko mara tano kati ya mwaka 2009 na 2016, tulipokuwa tukifanya kazi ya hospitali Uingereza, baba na mama wote wawili. Wanaofanya kazi za zamu wanayajua maisha hayo. Baba akiingia asubuhi, mama anatoka. Tulisalimiana mlangoni, na habari za watoto tuliachiana kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. Hatukugombana, kwa maana hata nafasi ya kugombana haikuwapo. Siku moja binti yetu wa miaka minne alimwuliza baba yake mezani, "Baba, leo unalala hapa au ni mgeni?" Swali hilo lilituingia. Tukakubaliana kwamba, Mungu akitujalia, tutafute wiki moja isiyo na zamu.

Fedha zilikuwa jambo gumu. Nyumbani ndugu walitutazamia, na wapo waliosema tunataka kutapanya mali wakati paa la bibi yao watoto linavuja. Tukaweka utaratibu: kwanza fungu la kumi, pili fedha za nyumbani, tatu mahitaji ya shule. Kilichobaki kiliingia katika kopo la likizo. Paa liliezekwa kwanza, ndipo tukapanda ndege. Mwaka ambao kopo halikujaa, hatukwenda, na hatukukopa.

Malta ni nchi ndogo. Visiwa vyake vyote, pamoja na Gozo na Comino, vina kilometa za mraba 316 tu, yaani havifiki robo ya Unguja. Nyumba zake ni za mawe ya rangi ya asali, na jua lake huwaka karibu mwaka mzima. Tulichagua Mei au Oktoba, kwa sababu Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 na bei nazo hupanda.

Kilichowafurahisha watoto kuliko vyote ni lugha. Kimalta kina asili ya Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi kama zetu, na wenyeji wengi ni Wakatoliki. Sita kwao ni sitta, saba ni sebgħa, elfu ni elf, bahari ni baħar, kitabu ni ktieb. Watoto walizunguka sokoni wakihesabu kwa sauti, na wauzaji wakacheka nao kama binamu waliopotezana zamani.

Chakula nacho hakikutushinda. Asubuhi tulikula mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Mchana tulinunua pastizzi, ambazo ni kama sambusa za unga laini zenye jibini au njegere ndani. Jumapili baada ya ibada tulishuka Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi, kuangalia samaki na mashua za rangi kali zilizochorwa macho mawili mbele.

Kwenye ghuba inayoitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo, ambako mapokeo husema merikebu ilivunjikia, tuliketi tukasoma Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28. Watu 276 waliokolewa wote. Wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, na mtume mwenyewe aliokota kuni. Tuliwaonyesha watoto jambo hilo: mtu mkubwa hadharau kazi ya jikoni. Tangu siku hiyo, kila likizo vyombo vilioshwa na baba na vijana.

Sisi wauguzi tulikuwa na sababu nyingine ya kukiheshimu kisiwa hicho. Katika mji wa Valletta iko hospitali ya zamani ya karne ya 16, yenye wodi ya urefu wa mita 155. Tulimhurumia muuguzi wa usiku! Tena ndiko daktari David Bruce alikogundua kijidudu cha homa ya Malta mwaka 1887, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kwamba homa hiyo huletwa na maziwa mabichi ya mbuzi. Ugonjwa huo, bruselosi, ungalipo kwa wafugaji wetu. Basi mama, chemsha maziwa.

Mwaka 2016 tulisimama huko Gozo mbele ya tao kubwa la mwamba lililoitwa Dirisha la Samawati, tukapiga picha. Tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ililiangusha baharini, halikubaki hata nguzo. Watoto walihuzunika. Sisi tuliitazama ile picha tukaona kwamba wao nao hawako tena kama walivyokuwa. Yule binti aliyemwuliza baba kama ni mgeni sasa ni msichana mkubwa. Anayoyakumbuka ni mkono wa baba chini ya mgongo wake alipokuwa akijifunza kuelea. Hoteli na ndege hazitaji kabisa.

Akina mama wenzetu, si lazima kwenda Malta. Siku tatu Lushoto, Bagamoyo au kijijini kwa bibi zinatosha, mradi mambo haya yazingatiwe. Wekeni akiba kidogo kidogo, wala msikope. Pangeni kazi ili mama asihamishe jiko tu kutoka mahali hadi mahali. Mkiwa pwani, mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Anywe maji mara kwa mara na akae kivulini jua la adhuhuri.

Asitokee mtu wa kukuita mvivu kwa kupumzika. Wanafunzi walipokosa hata nafasi ya kula, Bwana Yesu mwenyewe aliwaita kando wapumzike kidogo (Marko 6:31). Kaeni usiku huu na baba watoto, mtazame kalenda pamoja, mchague siku. Watoto hawangoji kukua mpaka sisi tupate nafasi.