Kubadili Jina kwa Sheria ni Haki ya Nani?



Hakuna ofisi ya parokia katika nyanda zetu isiyoijua adha ya majina. Mtu hufika na cheti cha ubatizo kinachosema Yohana, cheti cha shule kinachosema John, na kitambulisho cha taifa ambacho jina la babu limekaa mahali pa jina la baba. Kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, na kuvuka mpaka Manyoni, wengi wetu tuna jina la nyumbani, jina la shule na jina la dini, na katika maisha ya kila siku hakuna anayesumbuka kwa hilo. Taabu huanza siku karatasi zinapotakiwa kukubaliana.

Siku hiyo iliwafikia wengi mwaka 2017. Tarehe 28 Aprili, papa hapa Dodoma, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Hatusemi kwamba uhakiki ule haukustahili. Anayeajiriwa kwa cheti cha kughushi amemnyang'anya nafasi kijana aliyesoma kwa jasho lake. Lakini tangu hapo mtu mwenye cheti halali kilichoandikwa jina tofauti na lile analoitwa leo ameanza kutazamwa kama mwizi kabla hajafungua kinywa.

Tungependa safari hii tumtazame mmoja kati ya watu hao ambaye ni nadra kutajwa katika kurasa kama hizi, na ambaye akitajwa hutajwa kwa kicheko: mtu aliyezaliwa na kuandikishwa kuwa mwanamume, akapewa jina la kiume, kisha akiwa mtu mzima akaishi kama mwanamke, au kinyume chake. Watu wa namna hii wapo. Ni watoto wa kaya kama zetu, na baadhi yao majina yao ya utotoni yamo katika madaftari yetu ya ubatizo. Swali letu ni dogo, nalo ni la haki: je, mtu huyu anaweza kutumia mlango ambao sheria imekwisha kuufungua kwa kila raia mzima anayetaka kubadili jina lake?

Mlango wenyewe tunaujua. Anayetaka kubadili jina huandika hati ya kubadili jina, akatamka humo kwamba ameliacha jina fulani na kulichukua jina fulani, akatia sahihi mbele ya mwenye mamlaka ya kushuhudia, na hati ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, aliye chini ya wizara inayohusika na ardhi. Wanawake walioolewa huitumia. Walioingia dini nyingine huitumia. Baadhi ya masista, ambao jina la utawa limekaa nao miaka ishirini huku cheti cha kidato cha nne kikiwa bado na jina la nyumbani, nao pia. Kwa asili yake hati hiyo ni tamko la mtu mwenyewe, wala si tuzo wanayopewa wenye sababu zinazowapendeza jirani zao. Wala kubadili jina si jambo geni kwetu. Simoni aliitwa Petro. Kambarage wa Butiama aliongezewa jina la Julius mwaka 1943, alipobatizwa akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, na leo nani anaweza kumtaja bila majina hayo mawili?

Tuseme wazi pia mpaka wa jambo hili. Jina ni kitu kimoja, na alama ya jinsia katika kitambulisho ni kitu kingine. Tanzania haina sheria inayoweka utaratibu wa mtu mzima kubadili alama ya jinsia kwa sababu ameacha kuishi kama mwanamume au kama mwanamke. Nchi nyingine za Afrika zimelifikia jambo hilo: Afrika Kusini ilitunga sheria yake mwaka 2003, na Botswana Mahakama Kuu iliamua mwaka 2017 kwamba serikali ilikosea kukataa kubadili alama ya jinsia ya mtu aliyezaliwa mwanamke akaishi kama mwanamume. Sisi hapa tunazungumza habari ya jina tu.

Kesi iliyo karibu nasi zaidi ni ya Kenya, nayo inastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa magazeti mengi yaliishika kwa upande wa kioja na kuuacha upande wa haki.

Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la Andrew, akafaulu vizuri sana, akaenda chuo kikuu. Baadaye akaanza kuishi kama mwanamke, akalibadili jina kwa hati, kama sheria ya nchi yake inavyoruhusu. Hapo ndipo cheti chake cha shule kilipogeuka kuwa mzigo. Kila alipoomba kazi, mwajiri alishika karatasi ya mwanamume na kumtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, naye alitakiwa ama kueleza maisha yake yote kwa mgeni, ama kuondoka akishukiwa kuwa ameiba cheti cha mtu. Akaliomba Baraza la Mitihani la Kenya libadili jina katika cheti na kuondoa alama ya jinsia. Baraza halikukubali. Akaenda mahakamani.

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliliamuru Baraza limpe cheti kipya chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsia. Hoja yake moja tunaiona kuwa nyepesi kueleweka na ngumu kupinga: hakuna kanuni iliyolazimisha cheti cha mtihani kionyeshe jinsia ya mtahiniwa, na kuiondoa alama hiyo hakukipunguzii cheti thamani yake. Cheti hushuhudia kwamba mtu fulani aliketi katika chumba cha mtihani akajibu maswali. Alama alizopata katika hisabati hazikuwa za kiume wala za kike. Jaji aligusa pia utu wa mwanadamu, kwamba heshima ya mtu huumizwa pale dola inapomlazimisha kujitangaza kila anapohitaji kazi.

Kwa upande wetu wa mpaka, Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 12, inamtambua kila mtu kuwa na utu unaostahili heshima, na katika ibara ya 16 inalinda faragha yake. Ibara hizo hazikuandikiwa watu wema peke yao.

Hebu tufuate siku moja ya mtu huyo katika mji wetu, kwa mfano tu. Anataka kununua kilo mbili za zabibu barabarani, akalipa kwa simu. Kwa kuwa laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, jina lililoandikwa katika kitambulisho ndilo linalotokea kwenye simu ya muuzaji. Muuzaji anasoma jina la kiume kwa sauti, anainua macho, anaita wenzake. Mchana mtu huyohuyo yuko dirisha la hospitali, na karani anaita jina lile lile mbele ya benchi lililojaa. Wako wanaoacha dawa kwa sababu ya dirisha hilo. Jioni anahitaji barua ya utambulisho ili apange chumba, na mwenyekiti wa mtaa anataka kwanza kujua "habari zake". Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya ili lipungue. Hati ya jina iliyosajiliwa na kukubaliwa na kila ofisi ingepunguza sehemu kubwa.

Lakini wengi hawathubutu hata kufika kwa wakili. Wanakumbuka mwishoni mwa Oktoba 2018, pale Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipotangaza msako na kuwataka wananchi wapeleke majina ya watu waliodhaniwa kuwa mashoga. Siku chache baadaye, Novemba 2018, Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, wala si msimamo wa serikali. Tamko la Wizara halikuondoa hofu. Mtu aliyesikia kwamba jina lake linaweza kupelekwa kwa mkuu wa mkoa na jirani yake hatakimbilia kusimama mbele ya karani na kusema: nataka kuitwa hivi.

Yapo mashaka ambayo waamini wetu wanayo, na si haki kuyapuuza. La kwanza ni la wahalifu: kwamba mtu atajificha nyuma ya jina jipya. Hofu hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Leo vidole ni vile vile na namba ya kitambulisho ni ile ile, na hati iliyosajiliwa inataja majina yote mawili, la zamani na jipya. Anayetaka kujificha hawezi kuanza kwa kumwandikia Msajili. Wengine huogopa kwamba jina likibadilika ndoa nayo itafuata. La hasha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaja ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, na hati ya jina haigusi sheria hiyo hata kidogo.

Shaka zito zaidi ni la imani. Hati ya Vatikani iitwayo Dignitas Infinita, iliyotolewa Aprili 2024, haikubali fundisho kwamba mtu aweza kujichagulia jinsia, na inaonya juu ya tiba za kubadili mwili. Hatuandiki hapa kupingana nayo. Lakini hati hiyo hiyo imejengwa juu ya neno kwamba hadhi ya mwanadamu haipotei katika hali yoyote anayokutwa nayo, na inalaani kwamba katika baadhi ya mahali watu si wachache hufungwa, huteswa na hata kuuawa kwa sababu ya mwelekeo wao wa kijinsia. Miezi michache kabla yake, Novemba 2023, ofisi hiyo hiyo ya Vatikani ilichapisha jibu kwa askofu mmoja wa Brazil, ikisema kwamba mtu wa namna hii aweza kubatizwa kwa masharti yale yale ya waamini wengine, mradi isiwe sababu ya kashfa au kuwavuruga waamini. Anayeweza kuitwa kwa jina kwenye kisima cha ubatizo, sisi ni nani tumzuie kuitwa kwa jina dirishani pa benki?

Linabaki daftari letu, na hapa tunasema na makarani wa parokia na makatekista. Cheti cha ubatizo si karatasi ya kanisani tu. Hutumika kuwa kiambatisho pale mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa kuandikishwa, na katika vijiji ambavyo wazee hawakuandikishwa popote pengine ndiyo karatasi pekee. Daftari halifutwi. Lilivyoandikwa siku ile ndivyo lilivyo, na karani anayechukua wembe kukwangua jina, kwa huruma au kwa rushwa, ameharibu ushahidi wa wote. Njia iliyo safi ni ile ambayo maaskofu wa Italia waliielekeza mwaka 2003 kwa mabadiliko ya kiserikali ya namna hii: maneno ya awali yanabaki, na pembeni mwa ukurasa huandikwa kwamba kwa hati ya tarehe fulani na namba fulani mtu huyu ametambuliwa na serikali kwa namna nyingine. Kwetu uamuzi ni wa askofu wa jimbo, kwa hiyo karani asijiamulie peke yake. Lakini pia asimfukuze mwombaji mlangoni kabla swali halijafika kwa paroko.

Na yaliyomo daftarini yasitoke kwenda sokoni. Tangu Mei 2023 inatumika nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata kama isingekuwapo, mwenyekiti wa jumuiya anayesoma cheti cha mtu na kukisimulia kisimani anajua alichofanya.

Kuna kundi jingine ambalo wengi hulichanganya na hili: watoto wanaozaliwa na maumbile yasiyoeleweka kuwa ya kiume au ya kike, wale ambao Kiswahili cha zamani huwaita huntha. Mtoto hubatizwa Maria, na afikapo miaka kumi na minne sauti inakuwa nzito na mwili unafuata ujana wa kiume. Familia nyingi humhamisha shule usiku, humpa jina jipya bila karatasi yoyote, na miaka kumi baadaye kijana huyo hana cheti kinachomhusu. Kenya iliwahesabu watu hao katika sensa ya mwaka 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya huko ya mwaka 2022 inawataja. Hapa kwetu mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asisubiri. Amwone daktari, kisha aulize ofisi ya usajili wa vizazi ya wilaya juu ya masahihisho ya kumbukumbu mtoto angali mdogo, kabla hajaandikishwa mtihani wa kwanza wa taifa. Jina alilofanyia mtihani ndilo litakalokuwa kwenye cheti, na kulibadili baadaye ni kazi ngumu, kama kesi ya Nairobi ilivyoonyesha.