Hina Safi Haitii Weusi

Askari aliyeanza kuota mvi pengine hutaka kuzificha kabla ya siku ya gwaride, na mkewe huenda Soko la Nakasero kutafuta hina. Kabla ya kutoa fedha, yafaa mama huyo autazame unga wenyewe. Hina safi ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani, na mvi zikipakwa hugeuka rangi ya kutu, wala haziwi nyeusi.

Unga uitwao hina nyeusi, utiao weusi upesi, mara nyingi umechanganywa na dawa ya viwandani iitwayo parafenilenidiamini. Dawa hiyo huweza kuunguza ngozi. Huko Khartoum, Sudan, madaktari waliwapokea wanawake waliovimba uso na koo baada ya kuichanganya na hina. Aliyesalimika mara ya kwanza asijidanganye. Huweza kudhurika mara ya pili.

Hina safi ikorogwe kwa maji ya vuguvugu na ndimu, ifunikwe usiku kucha, kisha ipakwe kwa saa 2 au 3. Anayetaka weusi aioshe, halafu apake unga wa majani ya mnili. Siku 2 kabla ya hapo, kiasi kidogo kijaribiwe mkononi. Watoto wachanga wasipakwe, kwani wako wanaozaliwa na kasoro ya damu ambao hina huwadhuru.

Ngozi ikivimba, kichwa kioshwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali.