TUTEMBEE KWA PICHA: Nyumba ya Christina

Safari ya mwezi huu ni ya mbali kidogo. Tunakwenda Cushing, kijiji cha pwani katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki ya Marekani. Kuna nyumba pale ambayo watu wengi duniani wameiona bila kufika.

Wameiona kwenye picha ya mchoraji Andrew Wyeth, aliyoichora mwaka 1948 kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai. Inaitwa Christina's World, yaani dunia ya Christina. Tulipowaonyesha watoto darasani waliona uwanda wa majani makavu, mwanamke wa gauni la rangi ya waridi ameketi chini, ametupa mgongo kwetu, na juu ya kilima nyumba ya mbao. Wengi walisema ni msichana amepumzika. Mmoja akasema hapana, angalieni mikono yake.

Huyo mtoto ana macho. Mwanamke wa kwenye picha ni Christina Olson, na wakati ule alikuwa na miaka 55. Miguu yake ilidhoofika tangu ujana mpaka ikashindwa kabisa. Zamani walidhani ni polio, lakini mwaka 2016 daktari mmoja wa Marekani alieleza kwamba huenda ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaorithiwa. Kiti cha magurudumu hakukitaka. Alitambaa. Siku moja Wyeth alichungulia dirisha la ghorofani akamwona anajivuta kwenye majani, na hapo ndipo picha ikazaliwa.

Sasa tufike kwenye nyumba yenyewe. Ni kubwa, vyumba 14, kwenye kilima kinachotazama maji. Ilikuwa ya ukoo wa mama yake, akina Hathorn. Baba yake alikuwa baharia kutoka Sweden. Meli yao ilikwama kwenye barafu, akabaki, akaoa pale pale, na leo nyumba inaitwa kwa jina lake, Olson. Mgeni, eti! Mwaka 1991 ilikabidhiwa kwa makumbusho ya Farnsworth, na mwaka 2011 serikali ya Marekani ikaiweka kwenye orodha ya majengo ya historia ya taifa.

Anayefika pale akiwa na picha kichwani anashangaa kidogo. Wyeth aliitenga nyumba na ghala lake, na kilima akakibadilisha. Hata mwili unaouona si wa Christina, aliyeketi ili achorwe ni Betsy, mke wa Wyeth, kijana wa miaka ishirini na kitu. Betsy ndiye aliyempeleka Wyeth kwenye nyumba hiyo mara ya kwanza, mwaka 1939.

Kwa hiyo picha inakuonyesha mtu aliyeachwa mbali na kwao. Kumbe Christina alikuwa kwao! Uwanja ni wake, nyumba ni yake. Humo ndani alipika, alishona, alifuga paka, alipokea wageni. Alikaa na kaka yake Alvaro, aliyeacha uvuvi ili alime na kumtunza. Wyeth alichora katika nyumba ile kwa karibu miaka 30, na sisi tunaona alirudi kwa sababu aliheshimu watu wale. Kwa huruma tu mtu harudi miaka 30.

Tumeichagua picha hii kwa sababu. Tunapopita bloki kwa bloki kuandikisha wanafunzi, mzazi anatuambia ana watoto wanne, halafu jirani anatunong'oneza kwamba ni watano. Wa tano hatembei, yuko ndani. Mama mmoja alitujibu, "Mwalimu, nitambebaje kila siku na tope hili?" Swali lake ni la haki, masika si mchezo. Lakini jina liandikwe kwanza, habari ya kumbeba tutaongea. Na akija akitambaa, aje akitambaa. Mlango wa darasa la tatu tumeshausawazisha na udongo, na mkeka upo. Wanaocheka tutashughulika nao sisi.

Turudi Cushing tumalizie. Picha ilinunuliwa mwaka 1949 na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York kwa dola 1,800, na ingali huko. Alvaro alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 1967. Christina alimfuata mwezi uliofuata, Januari 1968. Wamezikwa kwenye makaburi ya ukoo, chini ya nyumba. Wyeth naye alipofariki mwaka 2009, akiwa na miaka 91, alizikwa hapo hapo karibu nao, na kutoka kaburini nyumba inaonekana juu ya kilima.