"Shalom" pekee haikutoshi: jifunze Kiebrania cha shambani

Ukisali Katito pale Nyakach, iwe Jumamosi au Jumapili, tayari unaongea Kiebrania. Amina, haleluya, hosana, Sabato, yote yametoka huko. Ongeza "shalom" unayowaandikia watu kwenye simu, unajiona umeiva. Bado, ndugu yangu.

Nasema hivi manake tangu mwishoni mwa 2023 stori ya Israel haijaisha vijiweni. Serikali ilitangaza nafasi 1,500 za vibarua wa mashambani, mkataba wa miaka mitatu, dola 1,500 kwa mwezi. Nafasi zenyewe zilitokana na vita: baada ya shambulio la Oktoba 7, 2023, maelfu ya wafanyakazi kutoka Thailand walirudi kwao, na Wapalestina wakazuiwa kuingia kazini. Siku hiyohiyo waliuawa vijana wawili wa Tanzania waliokuwa huko kwa mafunzo ya kilimo, Clemence Mtenga na Joshua Mollel. Kwa hivyo kwenda au kubaki, kaa chini na wazazi wako mwamue. Mimi shida yangu ni yule ambaye ashaamua na hajui hata kuuliza mshahara.

Kwanza, habari njema. Kiswahili kilikopa tele kutoka Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Sikiliza: arobaini ni arbaim, hamsini ni hamishim, sitini ni shishim, sabini ni shivim, mia ni mea, elfu ni elef. Damu ni dam, saa ni shaa, sukari ni sukar. Hesabu za pesa unazimaliza jioni moja ukingoja matatu ya Kendu Bay.

Sasa mitego. Kama, kwa Kiebrania, ni "kiasi gani". Ukiisikia usingoje mfano ufuate, unaulizwa swali. Mi ni "nani", si "mimi" ya vijana wa mtaani. Lo ni "hapana", hakuna anayeshangaa.

Siku ndizo balaa. Yom shlishi maana yake siku ya tatu, lakini ni Jumanne, kwa sababu wao huanza kuhesabu Jumapili. Ukifuata Kiswahili, "tatu" itakupeleka kazini Jumatatu. Ukifuata Dholuo, tich adek itakufikisha Jumatano. Yaani sisi tunaojua lugha mbili tuna njia mbili za kupotea.

Baada ya hapo, weka kando maneno matamu ya video za watalii. Jifunze maskoret, mshahara. Jifunze tlush, karatasi ya malipo ambayo sheria yao inamlazimu mwajiri akupe, yenye maelezo ya ulicholipwa na kilichokatwa. Mara nyingi huandikwa Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu ni zilezile zetu, kwa hivyo usiogope kuisoma. Halafu shaot nosafot, saa za ziada: mbili za kwanza kwa siku hulipwa asilimia 125 ya malipo ya kawaida ya saa, zinazofuata 150. Msee asiyejua neno hilo atachuma nyanya hadi giza kisha ashukuru kwa kupewa soda. (Nyanya ni agvania. Usiitafute kwenye Biblia, neno lenyewe lilibuniwa karne ya 19.)

Maneno ya hatari usiyaache yakufundishwe na hatari yenyewe. Azaka ni king'ora. Miklat ni mahali pa kujikinga, na mamad ni chumba kilichoimarishwa ndani ya nyumba. Mtu akipiga kelele "mamad!" huna muda wa kufungua programu ya kutafsiri. Ukiumia, sema koev li, naumwa.

Na sentensi ninayoipenda kuliko zote: ani lo mevin, sielewi. Msichana husema ani lo mevina. Sisi tuna ile tabia ya kuitikia "ndio, ndio" ili mdosi asikasirike. Kwao ndiyo ni ken, na ken ya uongo mbele ya dawa ya kunyunyizia mimea inaweza kukuharibia macho.

Kuna watakaosema Kiingereza kinatosha. Kinatosha uwanja wa ndege. Shambani, anayekuelekeza huenda akawa Mthailandi aliyejifunza Kiebrania cha kazi miaka kumi iliyopita, na Kiingereza chake ni "good" na "no good".

Ajenti akikuuzia kozi kwa maelfu, hakikisha kwanza kama yeye mwenyewe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Maneno haya yako bure kwenye intaneti. Na kabla hujapanda ndege, tafuta na uhifadhi nambari ya Kav LaOved, shirika linalotetea wafanyakazi huko tangu 1991. Jina lenyewe maana yake ni laini ya mfanyakazi. Ukipiga, anza na ani mi-Kenya, mimi natoka Kenya, kisha uwe na tlush yako mkononi.