Uvimbe bapa kwenye utumbo si wa Wajapani peke yao

Aliyewahi kupimwa utumbo mpana kwa kamera atakwambia shughuli yenyewe huwa usiku wa kuamkia kipimo. Dawa ya kuharisha, chakula hakuna, na mbio za chooni mpaka alfajiri. Wapo wanaomwaga nusu ya dawa kimyakimya, kisha asubuhi wanamwambia nesi wameimaliza yote.

Wanajidanganya wenyewe, na ili kuelewa kwa nini inabidi kwenda hadi Japani.

Vivimbe vingi vya utumbo mpana huchomoza, vingine kama uyoga, vikiwa na kichwa na kikonyo. Daktari huviona na kuvikata kabla havijageuka saratani. Lakini katika miaka ya 1980 madaktari wa Japani walianza kueleza vivimbe vya aina nyingine, vilivyolala bapa kwenye ukuta wa utumbo, vingine vikiwa vimebonyea kidogo katikati. Rangi yake hukaribiana sana na ya utumbo wenyewe.

Huko Ulaya na Marekani wengi walilichukulia jambo hilo kuwa la Wajapani. Pengine ni damu yao, pengine chakula chao.

Kisha madaktari wa Leeds, Uingereza, wakachunguza wagonjwa 1,000 kwa makini, rangi ya buluu ikitumika kuonyesha kingo za vivimbe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: kati ya vivimbe 321 vya aina inayoweza kugeuka saratani, asilimia 36 vilikuwa bapa. Waingereza walikuwa navyo siku zote, ila havikuwa vikitafutwa.

Mwaka 2008 ikaja zamu ya Marekani. Katika wanajeshi wastaafu 1,819 waliopimwa California, zaidi kidogo ya 9 katika kila 100 walikuwa na vivimbe visivyochomoza. Kilichoshtua zaidi ni kwamba hivyo ndivyo vilivyokutwa na saratani mara nyingi zaidi kuliko vile vilivyochomoza.

Haimaanishi kwamba watu wa mataifa yote wako sawa kabisa. Ila sehemu kubwa ya tofauti iliyodhaniwa ni ya miili ilikuwa ya macho: Wajapani walifundishwa kutazama wekundu kidogo, mikunjo iliyokatika, mishipa ya damu isiyoonekana vizuri.

Sasa turudi kwenye ile dawa iliyomwagwa. Uvimbe wenye kikonyo unaweza kuonekana hata utumbo usipokuwa msafi sana. Ulio bapa hufunikwa na kinyesi kidogo tu, na mgonjwa akaambiwa yuko salama.

Kwa hiyo baba au mama akitoka kwenye kipimo, swali la kumuuliza daktari si "mmeona nini?" peke yake. Aulize pia utumbo ulikuwa msafi kiasi gani, na kama haukuwa msafi, kipimo kirudiwe lini. Na anayeendelea kuona damu kwenye choo asijitibu bawasiri miezi na miezi kwa sababu tu majibu ya mwanzo yalikuwa mazuri. Arudi hospitali.