Ukingo wa Lualaba si parseli ya mtu



Anayetaka kuvuka kutoka Kindu mjini kwenda komine ya Alunguli hana daraja. Hushuka kwenye mto Lualaba na kutafuta pirogi. Akina mama wanasubiri juani na bido za mawese, magunia ya mchele na mikungu ya ndizi, huku mpiga kafi ameishikilia pua ya pirogi isiteleze. Mvua ikinyesha, mteremko wote ni utelezi, na mwenye mzigo kichwani huvua kandambili akashuka akishika udongo kwa vidole vya miguu. Benchi hakuna, kivuli hakuna. Takataka zipo.

Na mji wenyewe ulizaliwa na ukingo huohuo. Kutoka Kindu hadi Ubundu, Lualaba inapitika kwa meli. Ukipanda mto kuelekea Kongolo, maporomoko yanafunga njia. Ndiyo maana kampuni ya CFL, enzi za Wabelgiji, ilijenga reli ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, iliyokamilika mwaka 1910. Mizigo iliteremshwa kutoka melini na kupakiwa kwenye mabehewa. Wachukuzi, wafanyabiashara na mafundi wakajenga karibu na kazi yao.

Uchafu unaudhi, lakini wakaaji wana hofu kubwa zaidi ya hiyo: ukingo kumegwa. Mtindo wenyewe unajulikana katika miji mingi ya Kongo. Huanza kibanda cha mbao cha kuuzia mikate. Miezi ikipita, mbao zinakuwa matofali ya kuchoma. Halafu inatokea karatasi yenye mhuri, na anayeuliza anaambiwa amechelewa.

Hajachelewa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haigawiwi mtu maadamu haijaondolewa kihalali katika matumizi hayo. Kwa hiyo mwenye karatasi aulizwe swali moja: uamuzi wa kuiondoa uko wapi, na uliwekwa sahihi na nani? Wengi huona aibu kuuliza, au wanaogopa kuuliza peke yao. Watu mia mbili wakiuliza pamoja, hakuna wa kuogopa.

Wapo watakaosema salongo, usafi wa pamoja, inatosha. Tangu enzi za Mobutu watu wamezoea kutoka na mafagio, makoleo na panga, na hakuna anayeibeza kazi hiyo. Ila salongo husafisha, hailindi. Ukingo uliofyekwa vizuri bila mawe ya mpaka ni kiwanja kilichoandaliwa kwa ajili ya mnyakuzi. Amepunguziwa gharama tu.

Nairobi wamepita njia hii. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, ilikaribia kugeuzwa maegesho ya magari mwaka 1991. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, wakaaji wakaungana naye, na mpango ukafa. Msitu wa Karura nao ulikuwa umeanza kugawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa na wahuni walipokwenda kupanda miti huko. Baadaye kundi la Marafiki wa Msitu wa Karura lilishirikiana na serikali kuuzungushia uzio, na leo watu hulipa kiingilio kwenda kutembea humo. Kutangulia kwa watu wa Nairobi hakukutokana na utajiri pekee. Walijua mpaka wa eneo lao uko wapi.

Kindu haihitaji uzio wa umeme. Inahitaji vipimo kwanza. Chuo Kikuu cha Kindu kina vijana wanaoweza kushika kamba na kuandika namba, wakifuatana na mpimaji wa serikali. Wapiga kafi wanajua mto unapofika wakati wa mafuriko kuliko ramani yoyote. Mama wa mawese, madereva wa pikipiki, misikiti na parokia wanaweza kuwa na kamati moja, yenye daftari la wanachama na hesabu inayosomwa hadharani. Hapo kwenye hesabu ndipo kamati nyingi hufia, kwa hiyo mweka hazina asiwe rafiki wa mwenyekiti.

Kazi zenyewe ni ndogo: ngazi za saruji pale penye utelezi, choo, pipa la takataka linalomwagwa kweli, miembe michache ya kivuli. Sehemu ndogo ya nauli ya pirogi ingeweza kutunza hayo, iwapo wapiga kafi watakubali wenyewe, si kwa kulazimishwa.

Tarehe 20 Desemba 2023 wapigakura waliwachagua madiwani wa komine. Wale wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli waombe ramani ya ukingo katika ofisi ya ardhi, waibandike ukutani kwenye kila komine na kwenye kila kivuko, pamoja na orodha ya waliokwisha kupewa karatasi na tarehe walizopewa.

Mkaaji wa Kindu